Mildura: ardhi ipo, maji yameuzwa

Nje kidogo ya mji wa Mildura, Australia, upande wa Nichols Point, mashamba mawili yanatazamana, katikati yake barabara nyembamba ya lami. La kushoto limejaa mizabibu: majani yamefunika nyaya, mpira wa matone umefungwa kwenye waya wa chini, na chini ya kila tundu udongo una doa la unyevu la ukubwa wa sinia. La kulia lina nguzo. Nguzo kwa mistari, zimenyooka vilevile, ila nyaya zimelegea, visiki vimekauka hadi rangi ya majivu, na magugu ya kubingirika na upepo yamelundikana kwenye uzio.

Udongo ni uleule, mwekundu, wa kichanga. Jua ni lilelile. Maji ya skimu ya umwagiliaji yanapita mbele ya malango yote mawili.

Sasa kwa nini?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nyingi, na kila nilipodhani nimelijibu, jibu liliharibika. Kwetu shamba likifa namna ile, dhana ya kwanza ni mirathi: mzee kafariki, watoto wako mahakamani, hakuna anayethubutu kushika jembe. Dhana ya pili ni ukame. Ya kwanza siyo kabisa. Ya pili ina ukweli ndani yake, lakini ukame gani huo unaochagua upande wa barabara?

Namna ya kufika, na ya kutoharibu mambo

Mildura iko kaskazini magharibi mwa jimbo la Victoria, kilomita 540 hivi kutoka Melbourne, kwenye ukingo wa mto Murray. Vuka daraja na uko New South Wales. Treni ya abiria ilisimama mwaka 1993, kwa hiyo ni ndege ya kama saa moja, au basi, au gari lako kwa barabara ya Calder kupitia Bendigo, Wycheproof na Ouyen. (Wycheproof reli inapita katikati ya barabara kuu ya mji, mbele ya maduka. Si hadithi.) Usukani uko kulia kama Kenya na Tanzania, anayetoka Kongo au Burundi ndiye ajihadhari. Jua likikaribia kuzama, punguza mwendo au simama kabisa mji ulio karibu, maana huo ndio wakati kangaruu wanaingia barabarani, na hawana desturi ya kutazama pande mbili.

Nenda Machi hadi Mei, au Septemba na Oktoba. Januari joto hupita digrii 40 siku kadhaa mfululizo. Lakini ukitaka kuona zabibu zikikaushwa, joto hilo itabidi ulivumilie, kwa sababu kazi yenyewe ni ya Februari na Machi.

Mambo matatu ambayo wageni hukosea. Usiingie shamba la mizabibu bila ruhusa, hata kwa picha moja tu: tope la kiatu kutoka shamba la eneo jingine linaweza kuleta filoksera, mdudu wa mizizi anayeua mzabibu mzima, na huku hayupo. Usibebe matunda ukielekea Australia Kusini. Kuna kizuizi cha ukaguzi huko Yamba kinachofanya kazi usiku na mchana kwa sababu ya nzi wa matunda, na faini hutozwa kweli. Na usipige hema chini ya mkaratusi mkubwa wa kando ya mto. Ndio mkaratusi uleule uliopandwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ila huku uko kwao, umezeeka, na una tabia ya kuangusha tawi zima siku ya utulivu bila hata upepo.

Mitaa itakushangaza kidogo. Inahesabiwa kwa namba, Mtaa wa Saba, wa Nane, hadi wa Kumi na Tano kwenye maduka makubwa, na inakatwa na njia pana kama Deakin Avenue iliyonyooka kama imepigwa kamba. Kuna sababu yake, nitaifikia.

Milimita 290

Kabla ya kulaumu mtu yeyote, piga hesabu hii.

Mvua ya Mildura ni kama milimita 290 kwa mwaka. Dodoma, tunayoiita kame na ambayo nayo ni mji wa zabibu, hupata karibu mara mbili ya hapo. Milimita 100 za maji juu ya hekta moja ni megalita moja. Megalita ni lita milioni moja: maboza 100 ya lita 10,000. Kwa hiyo mbingu inaipa hekta moja ya Mildura chini ya megalita tatu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo hunyesha kidogokidogo na kukauka kabla hazijafika mzizini.

Hekta ya mizabibu inataka nyongeza ya megalita saba, nane, wakati mwingine tisa. Ya milozi inataka 12 hadi 14.

Yaani bila mto hakuna kitu. Kabla ya skimu, pale palikuwa na vichaka vya mallee, mikaratusi mifupi inayochipuka shina nyingi kutoka kisiki kimoja kikubwa chini ya ardhi. Kuving'oa visiki hivyo kulihitaji mashine kama ile inayoonyeshwa Red Cliffs, kilomita chache kusini: trekta la tani 45 waliloliita Big Lizzie. Mwenye nalo alitoka Melbourne akielekea Broken Hill, mji wa migodi ng'ambo ya mto. Alipofika Mildura mto ulikuwa umefurika, hakuweza kuvuka, akaishia kung'oa visiki kwa ajili ya mashamba ya askari waliorudi kutoka vitani.

Ndiyo maana mtu wa Mildura ukimuuliza ana shamba kubwa kiasi gani, atakutajia hekta kwa adabu tu. Kipimo chenyewe kichwani mwake ni megalita.

Ndugu wawili na hisa moja kwa kila eka

Alfred Deakin, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, alikwenda California mwaka 1885 kuangalia umwagiliaji. Huko alikutana na ndugu wawili kutoka Kanada, George na William Chaffey, waliokuwa wamejenga miji ya umwagiliaji ya Ontario na Etiwanda. Mwaka 1887 wakaanzisha Mildura. Mitaa ya namba na ile njia pana ni California iliyohamishiwa jangwani.

Viwanja vya shamba vilikuwa vya eka 10, kwa pauni 20 kila eka. George alikuwa fundi. Alichora mwenyewe mtambo wa mvuke wa kusukuma maji, kiwanda cha Tangye cha Birmingham kikautengeneza, ukafungwa Psyche Bend mwaka 1891 ukafanya kazi hadi 1959. Bado upo. Siku wanazouwasha kwa ajili ya wageni, nenda. Maji yalitoka mtoni yakaingia Kings Billabong, ziwa dogo la kando ya mto, kisha yakapandishwa tena kwenye mifereji iliyoitwa kwa kimo chake: wa futi 50, wa futi 70, na mingine juu zaidi. Chini ya hapo yalikwenda kwa kuteremka yenyewe.

Mambo yakaharibika upesi, na yaliharibika kwa namna ambayo mtu yeyote wa skimu ataitambua. Mifereji ilichimbwa kwenye mchanga bila kusakafiwa, maji yakazama njiani. Kamba wa maji baridi wakatoboa kingo. Kwa kumwagilia bila kipimo, maji ya chini ya ardhi, ambayo huku yana chumvi kali, yakapanda hadi kwenye mizizi; kingo za majani zikaungua kama zimepitishwa kwenye moto. Reli ilikuwa haijafika, na mto ukipungua meli hazipiti, hivyo matunda yakaoza bandarini. Mabenki ya Victoria yakaanguka 1893, kampuni ya Chaffey ikafuata 1895. Reli ilifika 1903, wakati George alikwisharudi Marekani. William alibaki akalima zabibu kama wengine, akawa meya, na leo ana sanamu Deakin Avenue.

Habari ya kufilisika kwao inasimuliwa na kila mwongoza watalii. Inayonihusu mimi ni nyingine, na husemwa kwa kupita tu.

Ndugu hao walifunga maji kwenye ardhi. Aliyenunua eka alipata pamoja nayo hisa katika kampuni ya maji ya wakulima wote, na hisa hiyo haikuweza kuuzwa bila eka yake. Walikuwa wameona Amerika nini hutokea mtu mmoja anapomiliki maji na mwingine ardhi.

Zabibu za kwenye tambi

Acha kidogo habari za hisa tuangalie zao lenyewe, kwa sababu bila kulielewa utadhani waliotoka walitoka kwa uvivu.

Zabibu kavu, zile tunazotia kwenye tambi za Idi na kwenye pilau la harusi, huku ni kazi ya Februari. Zabibu mbichi ina ngozi yenye nta nyembamba, ile hali ya vumbivumbi unayoifuta kwa kidole. Nta hiyo huzuia maji kutoka. Ukianika hivihivi, itakaa wiki nyingi na kuwa nyeusi. Kwa hiyo huchanganywa dawa isiyopashwa moto: kama kilo mbili na nusu za potasiamu kaboneti kwa lita 100 za maji, na lita moja na nusu hadi mbili za mafuta maalumu. Vichala hupata dawa hiyo, kwa kuchovywa zamani na kwa kupuliziwa siku hizi. Mafuta hupenya nta, maji yanapata njia ya kutoka, na ngozi hubaki na rangi ya dhahabu.

Chanja za kuanikia ni ndefu kama behewa la treni, zina ghorofa za wavu wa waya moja juu ya nyingine na bati juu. Unatandaza safu moja tu ya vichala kwa kila ghorofa. Ukirundika, katikati hapapati hewa na ukungu unaanza hapo. Hewa ikiwa kavu, siku nane hadi 14 zinatosha. Kisha chanja hutikiswa kwa mashine, zabibu hudondoka chini, humaliziwa juani kwenye maturubai hadi unyevu ufike kama asilimia 13. Kilo nne na ushee za mbichi hutoa kilo moja.

Njia mpya huacha hata chanja: tawi lenye matunda hukatwa likiwa bado limelala kwenye waya, hupuliziwa dawa, zabibu hukaukia juu ya mzabibu wenyewe, mashine hupita kuzivuna. Inaokoa vibarua. Lakini inataka waya uliojengwa upya, nguzo mpya, na mizabibu iliyofundishwa kuzaa upande mmoja na kuandaa matawi ya mwakani upande mwingine. Ni miaka na pesa.

Na mvua moja ya Machi, katika nchi inayolilia mvua mwaka mzima, inapasua ngozi na kuozesha msimu.

Halafu ukishavuna, unakuta bei imepangwa na Uturuki, muuzaji mkubwa wa zabibu kavu duniani.

Sasa jaribu kuwaza mwenye hekta sita, umri miaka 63, watoto wako Melbourne.

Karatasi moja ikawa tatu

Biashara ndogo ya maji ilikuwa imeanza kuruhusiwa hapo kabla, kwa masharti. Lakini tarehe 1 Julai 2007 sheria ya Victoria iliikata haki ya zamani vipande vitatu. Cha kwanza ni hisa ya maji: mali yako, ina daftari lake serikalini kama hati ya nyumba, unaweza kuiuza, kuikodisha, kuiwekea rehani, au kuimiliki bila kuwa na hata futi moja ya ardhi. Cha pili ni hisa ya kufikishiwa: nafasi yako kwenye bomba au mfereji. Cha tatu ni leseni ya kuyatumia juu ya kipande fulani cha ardhi.

Kutoka 1887 hadi 2007 ni miaka 120 kamili. Fundo la akina Chaffey lilifunguliwa kisheria, kwa utaratibu, bila kelele nyingi.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kupita kiasi. Nchi ilikuwa ndani ya ukame mrefu ulioanza katikati ya miaka ya 1990 na haukuisha hadi 2009. Hisa haikupi maji, inakupa haki ya kugawiwa. Mgawo hutangazwa kuanzia Julai kulingana na mabwawa. Msimu wa 2007/08 wenye hisa za daraja la juu kwenye Murray upande wa Victoria walifikia asilimia 43. Msimu uliofuata, 35.

Chukua shamba la mfano. Hekta sita za mizabibu, megalita nane kwa hekta: unahitaji 48. Hisa zako ni 50, kwa hiyo mwaka wa kawaida unalala usingizi. Kwa mgawo wa asilimia 43 una 21.5. Umepungukiwa 26.5. Sokoni msimu ule megalita moja ilipita dola 500 za Australia. Hiyo ni zaidi ya dola 13,000 ili mizabibu isife tu, kabla ya dawa, vibarua, na dizeli. Ukiamua kumwagilia nusu ya shamba, nusu nyingine inakufa, na mzabibu mpya huchukua miaka mitatu kabla haujakupa kitu.

Hapo ndipo watu walipoanza kuuza hisa.

Wanunuzi walikuwepo. Mashamba makubwa ya milozi yalikuwa yakipandwa kandokando ya mto, na mlozi hauwezi kuambiwa usubiri mwaka huu. Na serikali kuu ya Canberra nayo ilikuwa inanunua, ili mto wenyewe upate maji.

Neno "hiari"

Hili ndilo lililonikwaza zaidi.

Mwaka 2008 serikali kuu ilitangaza ruzuku ya kuondoka kwa wenye mashamba madogo. Masharti yake ukiyasoma polepole yanafanana na talaka: uza hisa zako zote za maji kwa serikali, ng'oa mizabibu na mabomba, na shamba lisimwagiliwe kwa miaka mitano. Ukitimiza, hadi dola 150,000, mbali na bei ya maji yenyewe. Nyumba unabaki nayo. Ardhi unabaki nayo.

Siwezi kusema ni dhuluma. Mzee yule wa hekta sita alipata pesa ya kulipa benki, akabaki kwenye veranda yake. Mto nao ulikuwa unakufa kweli, na mpango wa bonde zima wa mwaka 2012 ulilenga kurudisha gigalita 2,750 mtoni, kila gigalita ikiwa megalita elfu moja. Ukisimama Wentworth, nusu saa kutoka Mildura, mahali mto Darling unapoingia Murray, huhitaji profesa kukueleza kwa nini mto nao una haki ya kunywa.

Lakini siwezi kusema pia kwamba ni hiari tupu. Jirani akiuza, wewe unabaki kwenye mfereji uleule wenye gharama ileile ya matengenezo na wateja wachache zaidi. Na aliyeuza hisa ya maji hakuwa ameuza hisa ya kufikishiwa: bili yake inaendelea kuja kila mwaka, maji yasipite hata tone. Kujitoa kabisa kunalipiwa ada kubwa kwa mkupuo, mara nyingi ya ada ya mwaka. Kwa hiyo kuna watu wanaolipia bomba linalopita mbele ya vumbi lao.

Hilo ndilo shamba la kulia. Halikuuawa na mirathi, wala ukame wenyewe. Maji yake yalihama kwa maandishi, kwa bei iliyokubaliwa, na huenda leo yanamwagilia milozi kilomita 80 kutoka hapo.

Upande wa milozi nao usiusawiri kama jini mla watu. Umeleta ajira, mashine za kutikisa miti, na kila Agosti malori ya mizinga ya nyuki kutoka majimbo mbalimbali, mizinga sita au saba kwa hekta, kwa sababu bila nyuki ua la mlozi halishiki. Mwaka 2022 utitiri wa varroa, adui wa nyuki, ulipogunduliwa nchini, ilikuwa hofu ya mji mzima. Na bei ya maji hupanda na kushuka kama tumbo la mgonjwa: 2019 na 2020 megalita ilipita dola 700, na baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2022 ilianguka hadi makumi machache ya dola. Mafuriko yale yale yaliwafanya waondoe banio la Mildura mtoni. Ni la mwaka 1927, limejengwa kwa fremu za chuma zinazovutwa kwa winchi juu ya reli hadi ukingoni, mto ukipanda upite huru. Kaa ukingoni karibu na kisiwa cha loki, lango la kupitishia meli, uzitazame reli zile zinavyozama majini. Uhandisi wa kukubali kushindwa kwa muda, na ni wa busara kuliko mengi yaliyojengwa baadaye.

Na kabla ya Chaffey, kabla ya daftari lolote, palikuwa na wenyeji wa asili, Walatje Latje na Wabarkindji. Kilomita 110 hivi kaskazini mashariki, kwenye ziwa kavu la Mungo, yalipatikana mwaka 1968 na 1974 mabaki ya mwanamke na mwanamume waliozikwa yapata miaka 42,000 iliyopita. Katika daftari la hisa za maji wenyeji hawa wana kiasi kidogo mno. Maji yalipofanywa mali, aliyekuwa na karatasi ndiye aliyehesabiwa.

Mahindi meupe

Ningeweza kuishia hapo na uchungu wangu, kama si jambo moja la Nichols Point.

Mildura ina familia za Warundi na Wakongo waliokuja kwa njia ya ukimbizi, wengi wa Warundi wakiwa wamepitia kambi za Kigoma, na Kiswahili wanakijua. Ni wakulima. Kufika kwao walikuta mji uliojaa mashamba, na wao hawana shamba. Walikuta mahindi dukani, lakini ni yale matamu ya kuchemsha, ambayo hata uyakaushe vipi hayatoi unga wa bugali. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, ushirika wa pale unaoitwa Food Next Door umekuwa ukiwakutanisha wakulima wasio na ardhi na wenye ardhi isiyotumika. Mahindi meupe yakapandwa kwenye udongo uliokuwa umeachwa.

Namna ya kuyalima huko si ile ya Kigoma. Udongo ni mchanga, maji hayakai, kwa hiyo mpira wa matone unapita kila mstari na maji ni mafupi ya mara kwa mara, si mafuriko ya jaruba. Ukipanda Julai umande wa barafu utaua miche. Ukipanda mapema Oktoba, mbelewele hutoka katikati ya Desemba, na wimbi la joto la digrii 40 likiangukia wiki hiyo unga wa ua hukauka na gunzi hubaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Anayepanda mwishoni mwa Desemba hupata maua mapema Machi, joto likianza kupungua, lakini lazima avune kabla ya baridi ya Mei. Lengalenga, yaani mchicha, haina shida, inaota hata usipoiomba. Wenyeji huiita gugu. Mihogo usijaribu. Barafu ya Juni inaipitia usiku mmoja, na sombe, yaani kisamvu, italazimu iendelee kununuliwa ikiwa imegandishwa.

Kwa robo eka, yaani sehemu ya kumi ya hekta, mahindi hayo yanataka kama robo tatu ya megalita msimu mzima. Maboza 75. Kwa mlozi ni maji ya miti michache tu.

Lakini hata hizo robo tatu lazima ziwe na mwenyewe, zitoke kwenye akaunti ya mtu, zipite kwenye mita, zitumike juu ya ardhi yenye leseni. Huwezi kuja na ndoo. Mwenye ardhi aliyeuza hisa zake zote anaweza kukupa shamba bure kwa moyo mweupe, na bado asiwe na cha kukupa.

Ipo njia, nayo iko ndani ya mfumo uleule. Mwenye mgawo uliobaki anaweza kuuhamishia mwingine kabla ya mwaka wa maji kuisha tarehe 30 Juni. Anajaza fomu ileile ya biashara: akaunti inakotoka, akaunti inakokwenda, kiasi, na bei kwa megalita. Mahali pa bei haparuhusiwi kuachwa wazi. Anayetoa maji bila kudai kitu anaandika 0, na daftari linaipokea.